Catch-22: Uanze na Riwaya, Filamu ya 1970 au Mfululizo wa 2019?

Hadithi ni moja, milango ni mitatu. Joseph Heller alitoa riwaya yake mwaka 1961. Mike Nichols akaigeuza filamu mwaka 1970. Mwaka 2019 ikarudi tena, safari hii kama mfululizo wa vipindi 6 kupitia Hulu, huduma ya video mtandaoni. Wengi wanaosikia sifa za hadithi hii huchukua mlango wowote ulio karibu, na wengine huishia njiani wakisema haieleweki. Mara nyingi shida huwa ni mlango waliochagua, kwa sababu matoleo haya matatu yanadai vitu tofauti kwa msomaji au mtazamaji.

Kwanza msingi wenyewe. Yossarian ni mlenga mabomu katika ndege za B-25 za jeshi la Marekani, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa Pianosa, kisiwa kidogo cha Italia kusini mwa Elba. Kila anapokaribia kutimiza idadi ya safari za mashambulizi zinazomruhusu kurudi nyumbani, Kanali Cathcart huiongeza. Ndani ya riwaya idadi hiyo inapanda hadi 80. Yossarian anamwendea daktari wa kikosi, Doc Daneeka, amwondoe kwenye orodha ya warukaji kwa sababu ya wazimu. Daktari anakubali kwamba mwendawazimu haruhusiwi kuruka, ila lazima aombe mwenyewe. Naye akiomba, ameonyesha kwamba anaogopa kufa. Anayeogopa kufa ana akili timamu. Mwenye akili timamu lazima aruke. Hicho ndicho kifungu cha 22, yaani Catch-22, na kila toleo linasimama juu yake.

Heller aliyajua aliyoyaandika. Alikuwa mlenga mabomu kwenye B-25, akarusha safari 60 kutokea kisiwa cha Corsica. Agosti 1944, juu ya mji wa Avignon, mpiga bunduki wa ndege yake alijeruhiwa pajani na Heller akamhudumia. Mtu yule alipona. Katika riwaya anaitwa Snowden, na haponi.

Huyo Snowden ndiye kipimo changu. Ukitaka kujua tofauti ya matoleo haya, angalia kila moja linamfanyia nini.

Wakati uliovurugwa, wakati ulionyooshwa

Riwaya ina sura 42, na nyingi zimepewa majina ya wahusika. Matukio hayafuatani. Snowden anatajwa mapema, katika sura ya 4, tena ndani ya swali la mzaha, na msomaji hajui ni nani. Baadaye tunaambiwa alikufa juu ya Avignon. Baadaye tena, kwamba Dobbs, rubani msaidizi, alikuwa akilia kwenye simu ya ndani ya ndege asaidiwe mlenga mabomu, Yossarian akajibu kwamba mlenga mabomu ni yeye na yuko salama, na Dobbs akasema basi msaidie yeye. Kila tukio hili linaporudi linaongezwa kipande kimoja. Snowden analalamika baridi, Yossarian anafunga kidonda cha paja kwa makini, anafungua kisanduku cha dawa na kukuta mofini, dawa ya kutuliza maumivu, imeondolewa. Ni sura ya 41, ya pili kutoka mwisho, ndipo Yossarian anapoifungua fulana ya kuzuia vyuma na kugundua kwamba muda wote alikuwa akitibu jeraha lisilo lenyewe. Takriri hii ndiyo mtambo wa riwaya nzima. Vichekesho vya kurasa za mwanzo vilikuwa vikielekea hapa tangu mstari wa kwanza, na msomaji anapofika anatambua kwamba alikuwa akicheka huku maiti ikiwa chumbani.

Mfano mdogo unaoonyesha ufundi huu: Yossarian anasimama gwaride akiwa uchi wa mnyama, Jenerali Dreedle akimtunuku nishani. Anayesoma mara ya kwanza hucheka. Nishani yenyewe ni ya daraja la Ferrara, ambako Yossarian alizunguka mara ya pili juu ya shabaha na kusababisha kifo cha rubani mwenzake Kraft, na wakubwa wakaona ni heri kumpa nishani na cheo cha kapteni kuliko kukiri aibu. Na uchi je? Sare aliyovaa Avignon ilikuwa imelowa damu ya Snowden, naye akaapa kutovaa sare tena. Kichekesho kimesimama juu ya vifo viwili, ila Heller anakupa kicheko kwanza na sababu baadaye.

Filamu ya 1970 iliukumbatia mpangilio huu. Buck Henry, aliyeandika skripti (na kuigiza Kanali Korn, msaidizi wa Cathcart), aliweka karibu hadithi nzima ndani ya kichwa cha Yossarian aliyechomwa kisu. Tunamwona akizungumza na makanali wawili ndani ya jengo lililobomoka, maneno yao yamefunikwa na mngurumo wa injini. Anatoka nje, anachomwa, na kuanzia hapo mbinu rejeshi inatawala. Kipande cha Snowden kinarudi tena na tena, kila mara kirefu kidogo zaidi, mpaka kinapofunguka chote. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika filamu, na ndio unaoifanya iwe ndugu wa kweli wa riwaya ingawa imekata mengi.

Mfululizo wa 2019 ulifanya kinyume. Ukiacha picha fupi ya mwanzo kabisa, Luke Davies na David Michôd waliinyoosha hadithi ifuate kalenda: mafunzo California, kisha Italia, kisha idadi inapanda, kisha marafiki wanakufa mmoja mmoja. Kifo cha Snowden kimebaki mwishoni, katika kipindi cha 6, lakini sasa kinatokea kwa mara ya kwanza. Si kumbukumbu inayomwandama mtu. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Katika riwaya na filamu Yossarian tunayemwona tangu mwanzo ameshavunjika, na woga wake una sababu tusiyoijua. Katika mfululizo tunamtazama akivunjika hatua kwa hatua. Faida ni kwamba hupotei hata dakika moja, na mzigo wa safari zinazoongezwa unauhisi mabegani, kwa sababu unazihesabu pamoja naye. Hasara ni kwamba katika vipindi vya mwanzo woga wa Yossarian unaonekana kama ujanja wa kijana mvivu, na wapo watazamaji wanaomchoka kabla hawajafika mahali pa kumwelewa.

Nani amebaki, nani ametupwa

Filamu ina takriban saa mbili. Wahusika wa riwaya wanapita hamsini. Kisu kilikuwa lazima kipite, na kilipita pakubwa: Luteni Scheisskopf, mpenda magwaride, hayumo, wala Clevinger, yule msomi anayebishana na Yossarian kama kweli kuna watu wanaotaka kumuua. Kwa hiyo kambi ya mafunzo na kesi ya Clevinger, ambako waamuzi, mwendesha mashtaka na mtetezi wake wamechanganyika kuwa watu walewale, zimepotea. Kwenye mfululizo zimerudi kwa nguvu. George Clooney mwenyewe anamwigiza Scheisskopf, na kipindi cha kwanza kinatumia muda wa kutosha kwenye gwaride. Riwaya inafuatilia kupanda kwa Scheisskopf hadi mwisho: kwa mchezo wa barua za kiofisi anaishia kuwa luteni jenerali mwenye mamlaka juu ya wote, na amri yake ya kwanza ni gwaride. Kama unafanya kazi katika taasisi yoyote yenye ngazi za vyeo, sura hizo pekee zinatosha kukufanya ununue kitabu.

Milo Minderbinder, ofisa wa mesi anayegeuka mfanyabiashara wa dunia, yumo kote, lakini kwa kina tofauti. Hesabu yake ya mayai ni mfano mzuri. Milo ananunua mayai Malta kwa senti 7 na kuyauza kwenye mesi za jeshi kwa senti 5, na bado anapata faida. Kitabu kinakupa hesabu yote: mayai yanatoka Sicily kwa senti 1, anawauzia watu wa Malta kwa senti 4 na robo, faida senti 3 na robo, kisha ananunua kutoka kwao kwa senti 7, na kwa kuwa watu wa Malta ni yeye mwenyewe, anapata nyingine senti 2 na robo tatu. Jumla senti 6. Akiuza mesi anapoteza senti 2 tu. Zinabaki 4, ambazo ndizo tofauti ya 1 na 5. Ukiifuata kwa kalamu, inatimia, na hapo ndipo utisho wake ulipo: uwongo wote umejengwa kwa hesabu sahihi.

Filamu haina muda wa hesabu hiyo. Badala yake inafanya kitu ambacho karatasi haiwezi. Milo, akiigizwa na Jon Voight aliyejaa tabasamu na uadilifu, anamwonyesha Kanali Cathcart yai moja bora na kumweleza mipango yake, na nyuma yao ndege iliyopigwa inatua vibaya na kuwaka moto. Hakuna anayegeuka. Kamera haisogei kukuonyesha ajali. Iko pale nyuma, ukiitazama umeiona. Tashtiti ya kurasa kumi imefungwa ndani ya picha moja.

Kwenye mfululizo, Milo wa Daniel David Stewart ni kijana mwenye bidhaa na ndoto, anapendeza, na safari zake za kibiashara zinapewa nafasi ya kutosha kueleweka. Ila anakuwa mtu zaidi na mfumo kidogo. Nadhani Heller alimtaka awe mfumo.

Meja Major Major Major, aliyepandishwa cheo na mashine ya IBM na ambaye anaweza kuonwa ofisini mwake pale tu anapokuwa hayupo, anafaa matoleo yote. Bob Newhart mwaka 1970 anamcheza kama karani aliyeogopa kivuli chake. Lewis Pullman mwaka 2019 ni mpole zaidi na mwenye huzuni. Wote wawili wazuri.

Kasisi ndiye aliyeumia kuliko wote katika safari ya kutoka kitabuni. Riwaya inaanza kwa Yossarian kumpenda kasisi mara tu anapomwona, na baadaye kuna sura ambamo kasisi anahojiwa na maofisa kwa kosa ambalo wahoji wenyewe hawajaligundua bado. Anthony Perkins anafanya kazi nzuri na kidogo alichopewa, lakini ni kidogo. Kwenye mfululizo amepunguzwa zaidi.

Tatizo moja liko katika matoleo yote matatu: wanawake. Ni wauguzi, makahaba na wake za watu, na karibu wote wanatazamwa kwa macho ya wanajeshi. Mwanamke anayependwa na Nately, rubani kijana rafiki wa Yossarian, aliye na uzito mkubwa katika sehemu ya mwisho ya riwaya, Heller hampi hata jina. Mfululizo unamwita Clara. Ni hatua, ingawa ndogo. Msomaji wa leo aingie akilijua hili.

Filamu ya 1970 kwa karibu

Nichols alikuwa ametoka kupata Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu yake ya 1967, na Paramount ikamfungulia mkoba: takriban dola milioni 18, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Uwanja wa ndege ulijengwa karibu na San Carlos, Sonora, Mexico. Zikakusanywa ndege 18 za B-25, ambazo 17 ziliweza kuruka, chini ya usimamizi wa rubani Frank Tallman. Leo hakuna mtengenezaji wa filamu anayeweza kupata kundi kama hilo la ndege halisi, kwa hiyo mandhari ya kupaa kwake hayatarudiwa tena isipokuwa kwa kompyuta. Vumbi ni vumbi, joto linalotetemesha hewa juu ya lami ni joto la kweli, na injini zinapowashwa moja baada ya nyingine unasikia kila moja ikikohoa na kushika.

Mpigapicha David Watkin alipenda jua liwe nyuma ya waigizaji. Nyuso nyingi ziko kwenye kivuli na mwanga unazunguka mabega. Filamu pia haikuandikiwa muziki wa kuongoza hisia zako. Kwa sehemu kubwa ni upepo, injini, mbwa na sauti za watu, na mojawapo ya mara chache ambapo muziki unalipuka, kwenye tukio la Luciana, msichana wa Roma anayemvutia Yossarian, ni kwa makusudi ya utani. Kutokana na haya, mambo matatu yanaiharibu filamu kwa mtazamaji wa nyumbani. La kwanza ni skrini ndogo: vichekesho vingi viko nyuma ya picha, mbali, na kwenye simu havionekani. La pili ni spika dhaifu: mazungumzo yamefunikwa makusudi na kelele, na spika ndogo hugeuza makusudi hayo kuwa usumbufu, kwa hiyo weka maandishi chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri. La tatu ni nakala iliyokatwa pembeni ili ijaze skrini za zamani. Filamu ilipigwa kwa umbo pana. Ukiona picha ni ya mraba, achana na nakala hiyo, kwa sababu nusu ya utani imekatwa.

Alan Arkin ndiye Yossarian bora hadi leo. Ana uso wa mtu anayesikiliza upuuzi kwa adabu huku hofu ikimpanda kooni. Orson Welles kama Jenerali Dreedle anajaza skrini kila anapotokea. Martin Sheen ni Dobbs, Art Garfunkel ni Nately, na Charles Grodin ni Aarfy, yule kijana wa tabasamu ambaye katika usiku wa Roma anafanya ubakaji na mauaji na kulieleza jambo hilo kama kosa dogo la adabu. Polisi wa jeshi wanafika na kumkamata Yossarian, kwa kutokuwa na kibali cha kuwepo Roma. Tukio hili ni zito, na la Snowden lina damu na matumbo kwenye picha. Si filamu ya kutazama na watoto eti kwa sababu imeandikwa ni komedi.

Udhaifu wake? Ukiwa hujasoma kitabu, dakika 30 za kwanza zinaweza kukuacha nje. Wahusika wanaingia bila kutambulishwa, na baadhi wanakufa kabla hujashika majina yao. Isitoshe kuna ubaridi: filamu inaogopesha na kuchekesha lakini mara chache inakupa muda wa kumpenda mtu, kwa hiyo vifo vya Nately au rubani mwenzake McWatt vinapita kama habari. Mwisho wake pia umebadilishwa sauti. Riwaya inaishia Yossarian akikimbia, kisu kikimkosa kidogo. Filamu inamtoa nje kupitia dirishani, inamvusha uwanja mzima hadi baharini, na kumwacha akipiga kasia kwenye mtumbwi mdogo wa mpira akielekea Sweden, nchi isiyo vitani. Matumaini yale yale, ila hapa unauona umbali.

Mfululizo wa 2019 kwa karibu

Vipindi 6, jumla karibu saa nne na nusu. Viliongozwa na Clooney, Grant Heslov (ambaye pia ni Doc Daneeka) na Ellen Kuras, viwili kila mmoja, na sehemu kubwa ilipigwa Sardinia. Hapa ndege halisi ni chache, nyingine ni kazi ya kompyuta, na kwenye makundi makubwa angani utaona tofauti. Lakini mfululizo unashinda filamu kwa jambo moja la angani: unakuweka ndani ya pua ya kioo. Mlenga mabomu wa B-25 hukaa mbele kabisa, na njia ya kurudi nyuma ni kishoroba chembamba ambacho mtu mwenye parachuti hapiti, kwa hiyo parachuti anaiacha upande wa pili. Riwaya inaieleza hofu hii vizuri. Mfululizo unaifanya uiishi, moshi wa mizinga ya kutungulia ndege ukichanua pande zote na uso wa Christopher Abbott ukitiririka jasho. Baada ya vipindi viwili huhitaji tena kuelezwa kwa nini mtu huyu hataki kuruka.

Kyle Chandler kama Cathcart ni wa kufoka zaidi kuliko Martin Balsam wa 1970. Hugh Laurie, katika nafasi ya Meja de Coverley, ana starehe na utulivu unaofanya kila tukio lake liwe fupi mno.

Kinachopungua ni lugha. Nusu ya utani wa Heller uko kwenye sentensi inayojikanusha yenyewe kabla haijafika nukta, na mazungumzo yanayozunguka duara kwa kurasa. Mfululizo unayatumia mazungumzo haya hapa na pale, lakini unapendelea uhalisia, na katika uhalisia mabishano ya duara yanaonekana kama watu wanaopoteza muda. Muziki wa dansi wa miaka ya 1940 nao unapamba mno pale ambapo Nichols angeacha kimya. Ukifika kipindi cha 3 ukaona ni tamthilia ya vita yenye uchangamfu tu, usiache; vipindi vya 5 na 6 ndivyo vinavyobeba uzito, na vya mwanzo vilikuwa vikiuandaa.

Kukisoma kitabu bila kupotea

Wengi hukwama kabla ya sura ya 10. Wanatafuta nini kilitangulia, wanajaribu kushika kila jina, wanachoka. Njia bora ni kuacha tarehe na kushika alama nne: Ferrara, Bologna, Avignon, Roma. Hizo zinafuatana hivyo hivyo. Ferrara ni daraja na kifo cha Kraft. Bologna ni shambulio ambalo kila mtu analiogopa, na ambalo Yossarian analichelewesha kwa kusogeza utepe kwenye ramani usiku, wakubwa wakaamini mji umeshatekwa kwa sababu ramani imesema. Avignon ni Snowden. Roma ni sura ya 39, usiku mmoja wa kutembea mitaani, ambako hakuna kicheko hata kimoja. Kila sura unayoingia, jiulize tu: Snowden ameshakufa au bado? Idadi ya safari zinazotakiwa wakati huo pia hukuonyesha uko wapi. Kwa alama hizo hutapotea.

Majina ya pembeni yaache yapite. Yale muhimu yatarudi yenyewe. Usiruke sura za hospitali ukidhani ni za kupumzikia. Askari aliyefungwa bandeji mwili mzima, mwenye chupa moja inayoingiza maji na nyingine inayoyapokea, ambazo wauguzi huzibadilishana ya pili ikijaa, ni wazo zima la kitabu katika aya chache. Vivyo hivyo kiapo cha utiifu cha Kapteni Black, ambako wanajeshi wanalazimika kutia sahihi kabla ya kupewa ramani, fulana, hata chakula: Heller anaongelea Marekani ya miaka ya 1950 waziwazi, na kwenye kitabu ndipo utakikuta kwa kirefu chake. Na huko Roma, kikongwe aliyebaki peke yake kwenye nyumba iliyovamiwa anamwambia Yossarian kwamba askari walidai kifungu cha 22 kinawapa haki ya kufanya lolote wasiloweza kuzuiwa. Aliwaomba wamwonyeshe maandishi? Hawakulazimika kumwonyesha. Yossarian anaondoka akijua kwamba kifungu hakipo, na kwamba kutokuwepo kwake hakubadilishi chochote. Hapo maana ya kifungu inapanuka kutoka fumbo la kuchekesha hadi kuwa mkono wa mwenye nguvu.

Basi uchague ipi

Kama utasoma moja kwa moja bila kulazimishwa, soma kwanza, kisha filamu ya 1970, na mfululizo uwe wa mwisho au usiutazame kabisa. Filamu inamlipa sana aliyesoma: kila kilichokatwa unakijaza mwenyewe, na kila kilichobaki unakitambua.

Kama unajijua kuwa hutamaliza riwaya nene ya Kiingereza chenye mafumbo, anza na mfululizo, vipindi viwili kwa usiku. Utawajua watu, utajua mfuatano. Ndipo utazame filamu, ambayo sasa haitakuchanganya, na hapo huenda hamu ya kitabu ikaja yenyewe. Njia hii ina gharama: Snowden utakuwa umeshamwona akifa, na sura ya 41 haitakuvamia kama ilivyokusudiwa.

Mwenye usiku mmoja tu, atazame filamu. Asome kwanza sura ya 1 hadi ya 5, ambazo ni kazi ya saa mbili hivi. Kifungu cha 22 kimeelezwa humo, na zinatosha kumzuia asipotee katika ile nusu saa ya mwanzo.

Mwalimu anayetafuta toleo la kufundishia kinaya, takriri na mbinu rejeshi achukue riwaya pamoja na filamu, aweke ukurasa wa mayai kando ya tukio la yai na ndege inayowaka. Darasa litaona papo hapo nini neno linaweza na nini picha inaweza. Mfululizo hautamsaidia kwa hilo.

Na anayependa zaidi vita yenyewe, ndege, hofu, urafiki wa kikosi, kuliko mchezo wa lugha, mfululizo ndio wake, na asijilaumu.

Watu huilinganisha pia filamu ya Nichols na M*A*S*H ya Robert Altman, ambayo nayo ilitoka 1970 kutokana na riwaya, ikiwa na madaktari wa kijeshi vitani Korea. Ile ya Altman ilitengenezwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, ikatangulia kwa miezi, ikapata tuzo kuu Cannes na kupendwa na umma kuliko Catch-22. Ni rahisi kuona kwa nini: mashujaa wake wanalishinda jeshi kwa utundu, siku baada ya siku, na mtazamaji anatoka amechangamka. Ukitaka kucheka na marafiki, chukua hiyo. Yossarian hashindi chochote isipokuwa uamuzi wa kuondoka, na Nichols hakukubali kuupamba.

Muendelezo wa riwaya, Closing Time wa 1994, unamwonyesha Yossarian akiwa mzee New York. Uache mpaka utakapokuwa umesoma kitabu cha kwanza mara mbili.